Kalsiamu Katika Chembe za Kinga: Ni Lishe, ni Ujumbe, au ni Shabaha ya Dawa?

Chanzo cha mkanganyiko

Tangu maradhi ya UVIKO-19 yalipoenea duniani mwaka 2020, fikira za watu wengi zimeshughulishwa na kinga ya mwili na namna ya kuizidisha, na kwa kuwa biashara haichelewi kuifuata hofu, ni vichache virutubisho ambavyo havijanadiwa kuwa vyaongeza kinga. Kalsiamu, ambayo zamani ilisifiwa kwa mifupa na meno tu, nayo imeingia katika hesabu hiyo, tena kwa hoja ambayo kwa juujuu yaonekana madhubuti: ya kwamba wataalamu wa fiziolojia wamethibitisha kuwa chembe nyeupe za damu haziwezi kupigana na maradhi ila kalsiamu iingie ndani yake. Kwa upande wa pili wako wagonjwa wa shinikizo la damu wamezao amlodipini na dawa za jamaa yake, ambao wakisikia kwamba kazi ya dawa hizo ni kuizuia kalsiamu isipite katika milango ya chembe, huingiwa na wasiwasi kwamba kila asubuhi wanajivunjia kinga kwa mikono yao wenyewe. Na mbali na makundi hayo mawili wako wasemao kwamba habari hizi zote ni za maabara za ng'ambo, na mtu wa kawaida hana haja ya kuzijua.

Kila moja katika rai hizi tatu ina asili ya kweli, na kila moja imepotoka pale pale inapoichukua asili hiyo na kuipa maana isiyo yake. Ili ijulikane zimepotokea wapi, hatuna budi kuifuata elimu yenyewe tangu chimbuko lake, maadamu makosa mengi ya leo yanazaliwa na kuyashika majibu bila ya kuyajua maswali yaliyoulizwa.

Elimu hii ilivyoanza na ilivyofika kwenye damu

Mwaka 1882 tabibu Sydney Ringer wa London alikuwa akiuchunguza moyo wa chura uliotolewa mwilini, akaona unaendelea kudunda vyema katika maji ya chumvi aliyoyadhania kuwa safi. Baadaye ikabainika kwamba maji yale hayakuwa yamekenekwa, bali yalikuwa maji ya mfereji ya mji wa London, ambayo ndani yake mlikuwa na kalsiamu. Alipoyatengeneza upya kwa maji safi yaliyokenekwa, moyo ulidhoofika mpaka ukasimama, na alipotia kalsiamu kidogo, ulirudi kudunda. Ringer alizitangaza habari hizo mwaka 1883, na kwa tangazo hilo kalsiamu ilivuka mpaka wa mifupa, ikaingia katika elimu ya mwendo wa uhai.

Msingi wa mambo yote yaliyofuata ni tofauti moja ya ajabu. Nje ya chembe, katika majimaji ya mwili, kalsiamu ni nyingi. Ndani ya chembe, pale inapokuwa imetulia, ni haba mno, kiasi kwamba iliyoko nje yaizidi iliyoko ndani karibu mara 10,000. Chembe hugharimu nguvu nyingi ili kuihifadhi tofauti hiyo, ikiisukuma kalsiamu nje au ikiifungia katika ghala zake za ndani, na natija ya gharama hiyo ni kwamba mlango mdogo ukifunguliwa kwa muda mfupi, kiasi cha ndani hubadilika upesi na kwa dhahiri, hata protini za ndani zikatambua kuwa pana jambo. Hapo ndipo kalsiamu inapokuwa ujumbe, na kwa sifa hiyo haina tena uhusiano na ile kalsiamu ya kujengea jino.

Kwa chembe za moyo na misuli jambo hili lilifahamika mapema, kwa kuwa ni chembe zinazofanya kazi kwa umeme. Chembe za kinga zilidhaniwa kuwa kimya kwa upande huo, mpaka zilipopatikana ala mbili: mbinu ya Erwin Neher na Bert Sakmann, iliyotokea mwaka 1976, ya kuushika utando wa chembe moja kwa ncha ya kioo na kuupima umeme upitao, na rangi za Roger Tsien, hususan fura-2 ya mwaka 1985, ambazo mwanga wake hubadilika kwa kadiri ya kalsiamu iliyomo ndani ya chembe. Kwa ala ya kwanza Profesa Michael Cahalan wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, pamoja na wenzake, walionyesha mwaka 1984 kwamba chembe za T za binadamu, ambazo ni aina mojawapo ya chembe hizo za kinga, zina milango ya potasiamu ifunguliwayo kwa umeme, na kwamba dawa zinazoifunga milango hiyo huzizuia chembe zisizaane. Kwa ala zote mbili, Richard Lewis na Cahalan walionyesha mwaka 1989 kwamba chembe ya T ikiamshwa, kalsiamu yake haipandi tu ikatulia, bali yaweza kupanda na kushuka kwa mawimbi, kila wimbi likichukua muda usiofikia dakika mbili, na kwamba mawimbi hayo yanafuatana na mkondo mdogo sana wa umeme upitao utandoni.

Mabishano juu ya mlango

Mkondo huo mdogo ndio uliozua mabishano yaliyodumu kwa miaka mingi, nayo yafaa kuelezwa kwa urefu, kwa sababu hukumu ya masuala ya dawa inategemea jibu lake.

Rai ya kwanza ilikuwa kwamba kalsiamu ya ujumbe yatoka katika ghala za ndani. Rai hii ilikuwa na ithibati nzito, kwani tangu mwaka 1983 ilijulikana, kwa kazi za Michael Berridge wa Cambridge na wenzake, kwamba molekuli ndogo iitwayo IP3 huifungua ghala na kuimwaga kalsiamu. Walakini udhaifu wake ulikuwa katika hesabu ya muda: ghala huisha katika dakika chache, ilhali chembe ya T, ili izifungue jeni zake na kuanza kuzaana, yahitaji kalsiamu iwe juu kwa saa kadhaa. Rai ya pili ilisema kwamba kalsiamu huingia kutoka nje kupitia milango ifunguliwayo kwa umeme, kama ile ya moyo. Nayo ilikuwa na uzuri wa kurithi elimu iliyokwisha kuthibiti, lakini kila mkondo wa chembe za T ulipopimwa, haukuonyesha tabia ya milango hiyo. Rai ya tatu, aliyoitoa James Putney mwaka 1986, ilionekana ngeni kuliko zote: kwamba kinachoufungua mlango wa nje ni utupu wa ghala la ndani. Mwaka 1992 Markus Hoth na Reinhold Penner waliupima mkondo wa namna hiyo kwa uwazi katika chembe nyingine za kinga, na rai ya tatu ikapata nguvu.

Lakini ghala lililo ndani hupelekaje habari ya utupu wake mpaka kwenye utando wa nje? Wako waliosema kwamba ghala hutoa kemikali inayosafiri hadi mlangoni, na wako waliosema kwamba ghala lenyewe huusogelea mlango na kuugusa. Jibu lilipatikana mwaka 2005, wakati makundi mawili ya watafiti, moja likitumia chembe za inzi wa matunda na jingine chembe za binadamu, yalipofikia protini moja, STIM1, ambayo upande wake mmoja hukaa ndani ya ghala ukiipima kalsiamu, na ghala likipungua protini hizo hukusanyika, husogea karibu na utando, na kuufungua mlango kwa kuugusa. Waliosema kwamba ghala lenyewe huugusa mlango ndio walioshinda, na kundi la Cahalan lilikuwa miongoni mwa waliotoa ushahidi huo.

Yamkini msomaji atauliza kama ushahidi uliotoka katika chembe za inzi, na katika chembe za saratani ya damu ambazo maabara nyingi hukuzia katika chupa, watosha kuhukumia mwili wa mtu. Swali hili ni la haki, na ndiyo kasoro kubwa ya fani nzima. Kwa sehemu lilijibiwa mwaka 2002, pale Cahalan, Ian Parker na wenzao walipozitazama chembe za T zikitembea ndani ya tezi za limfu za panya kwa darubini ya mwanga wa leza, wakaona kwamba chembe hizo hazikai kwa utulivu zikingoja, bali huzunguka huku na huko kwa mwendo wa karibu maikromita 11 kwa dakika. Jibu lenyewe hasa, hata hivyo, lilitoka kwa wagonjwa.

Watoto waliouthibitisha mlango

Katika nyumba moja walizaliwa watoto ambao chembe zao za T zilikuwa kamili kwa idadi lakini hazikuwa na nguvu ya kufanya kazi, nao wakapatwa na maambukizo mazito tangu uchanga. Stefan Feske, Anjana Rao na wenzao waligundua mwaka 2006 kwamba kasoro ya watoto hao ilikuwa herufi moja tu katika jeni ya protini iliyoitwa Orai1, kwa jina la mabawabu wa mbinguni katika visa vya Wayunani. Na Orai1 ndiyo mlango wenyewe. Mwaka huo huo makundi mengine, likiwamo la Cahalan, yalifikia protini hiyo hiyo kwa njia zao.

Haifai kupita hapa kwa haraka. Katika wagonjwa wa namna hii, kalsiamu haikukosekana nje ya chembe, wala ghala la ndani halikuwa na ila, wala STIM1 haikukosa kazi. Kilichokosekana ni tundu la kupitia. Fauka ya hayo, wagonjwa wenye kasoro hii walionekana kuwa na misuli dhaifu, meno yenye enameli mbovu, na ngozi isiyotoa jasho sawasawa, na hata waliopandikizwa uboho wakapata kinga mpya, udhaifu wa misuli ulibaki. Maana yake ni kwamba mlango huu haukuumbwa kwa ajili ya kinga peke yake, na atakayeufunga kwa dawa hana budi kuikumbuka misuli, meno na jasho. Kwa nchi zetu, ambako chanjo ya BCG hutolewa kwa watoto wachanga, kasoro za jamii hii zina uzito wa pekee, kwani chanjo hiyo ina vimelea hai vilivyodhoofishwa, na mtoto ambaye kinga yake haifanyi kazi kabisa yaweza kumgeukia kuwa maradhi. Bahati njema watoto wa namna hiyo ni nadra sana, na faida ya BCG kwa walio wengi haina shaka.

Rai ya lishe

Tukiirudia sasa hoja ya wanaonadi vidonge vya kalsiamu, nguvu yake ni kwamba mwili hauwezi kuikosa kalsiamu, na mtu mwenye upungufu wa kweli, mathalan kwa ukosefu wa vitamini D au kwa maradhi ya figo, hupata madhara yahitajiyo tiba. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba anayeongeza kalsiamu ameongeza kinga, pana masafa ambayo hoja haiwezi kuyavuka.

Kwanza, kalsiamu ya damu haiachwi ipande na kushuka kwa kadiri ya mlo. Tezi nne ndogo zilizo shingoni huitawala kwa homoni, zikiikopa mifupa ambayo imehifadhi takriban asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili, na zikiziamuru figo kuihifadhi au kuitoa. Pili, hata lau ingepanda kidogo, iliyoko nje tayari ni mara 10,000 ya iliyoko ndani, na kinachoamua kama itaingia ni kufunguka kwa mlango, ambako huamuliwa na chembe yenyewe baada ya kukutana na adui yake. Tatu, na hili ndilo la msingi zaidi, wingi si maana. Watafiti wakiwamo Ricardo Dolmetsch na Lewis walionyesha mwaka 1997 na 1998 kwamba protini tofauti zinazowasha jeni husoma kalsiamu kwa namna tofauti: mpando mkubwa wa muda mfupi huziamsha baadhi, na kiasi kidogo kinachodumu huiamsha iitwayo NFAT, na kasi ya mawimbi nayo hubadilisha ni ipi itakayoitika. Ngoma ni moja, lakini mdundo mmoja huwaita watu arusini na mwingine huwaita msibani, wala anayeongeza ngozi ya ngoma hajaongeza maana ya mdundo. Anayekula dagaa pamoja na mifupa yao na kunywa maziwa amefanya vyema kwa mifupa yake. Kununua vidonge juu ya hapo kwa ajili ya kinga ni kupoteza fedha, na vikizidi vyaweza kuleta mawe ya figo.

Hofu ya dawa za shinikizo la damu

Rai ya pili yastahili heshima zaidi, kwa sababu wako wataalamu waliokuta ndani ya chembe za T dalili za milango ya jamaa ya ile ya moyo, na majaribio ya panya yameonyesha kwamba baadhi ya protini zake zina kazi fulani katika kinga. Mjadala huo haujafungwa. Hata hivyo, milango hiyo katika chembe za kinga haikuonekana kufunguka kwa umeme kama ya moyo, na mlango mkuu, Orai1, si wa jamaa hiyo kabisa: haufunguliwi kwa umeme, wala umbo lake halifanani na lile ambalo amlodipini hulikamata. Na ushahidi wa wagonjwa ni mzito kuliko wa maabara: dawa hizi zimetumiwa na mamilioni ya watu kwa miongo mingi, wala hawakupatwa na yale maambukizo mazito yawapatao watumiao dawa za kuvunja kinga kwa makusudi. Kinyume chake, mtu akiacha dawa yake ya shinikizo kwa hofu hii, hatari ya kiharusi ni ya kweli na iko karibu.

Wapi pa kuzuia?

Suala ambalo kweli lina pande zenye kulingana ni hili: pale kinga inapodhuru, ama kwa kukishambulia kiungo kilichopandikizwa, ama kwa kuushambulia mwili wenyewe, njia ya kalsiamu ikatwe mahali gani?

Mahali pa kwanza ni kimeng'enya kiitwacho kalsinurini, ambacho hupokea ujumbe wa kalsiamu na kuipeleka NFAT kwenye kiini cha chembe. Saiklosporini, iliyotoka kwa kuvu wa udongo wa uwanda wa Hardangervidda nchini Norwei, na ambayo uwezo wake wa kutuliza kinga ulionekana katika kampuni ya Sandoz mjini Basel mwaka 1972, iliruhusiwa Marekani mwaka 1983. Takrolimasi ilipatikana mwaka 1984 katika udongo wa Tsukuba, Japani. Na mwaka 1991 ndipo ilipojulikana kwamba zote mbili hukizuia kimeng'enya hicho hicho kimoja. Nguvu ya njia hii ni ushahidi usiopingika: bila yake upandikizaji wa viungo usingekuwa tiba ya kawaida, wala wagonjwa wa hospitali ya Muhimbili, ambako figo zilianza kupandikizwa mwaka 2017, wasingekuwa na tumaini. Udhaifu wake ni kwamba kalsinurini iko kila mahali, ikiwamo figo yenyewe na ubongo. Hivyo dawa inayoilinda figo mpya huweza kuiumiza kidogo kidogo, ikatetemesha mikono na kupandisha shinikizo la damu, na kipimo chake hakina budi kufuatwa kwa uchunguzi wa damu ambao una gharama. Inafaa kutajwa kwamba wagonjwa hao mara nyingi hupewa amlodipini kwa ajili ya shinikizo hilo, wala hakuna tabibu anayeihesabu kuwa sehemu ya dawa zao za kutuliza kinga.

Mahali pa pili ni mlango Orai wenyewe. Kuufunga kwakata ujumbe mapema zaidi, na dawa za namna hii zimejaribiwa kwa kuingizwa mshipani kwa siku chache katika nimonia kali ya UVIKO-19 na katika uvimbe wa ghafla wa kongosho, ambako kalsiamu iliyozidi huziua chembe za kiungo hicho. Kwa maradhi ya muda mfupi naona njia hii ina mashiko. Kwa matumizi ya miaka, habari za wale watoto ni onyo la wazi, na liko onyo la pili: panya walioondolewa STIM1 katika chembe za T walishindwa kukidhibiti kifua kikuu kilipokuwa sugu, na katika Afrika ya Mashariki, ambako kifua kikuu bado ni adui wa kila siku, onyo hilo halipuuziki.

Mahali pa tatu ni ile milango ya potasiamu ya mwaka 1984, ambayo huitwa Kv1.3. Kalsiamu ina chaji chanya, na kila inapoingia huipa chembe chaji inayozuia nyingine isiingie. Potasiamu ikitoka, huiondoa chaji hiyo, na mlango wa kalsiamu ukaendelea kupitisha. Ukiifunga milango ya potasiamu, basi, umeipunguza kalsiamu bila ya kuigusa. Na faida yake kubwa ni uteuzi, kwa kuwa chembe za T zilizoamshwa mara kwa mara, ambazo ndizo aghalabu huleta maradhi ya kinga kujishambulia, huitegemea Kv1.3 kuliko zile ambazo hazijakutana na adui. Profesa K. George Chandy, mmoja wa wenzake Cahalan wa mwaka ule, aliifuata njia hii mpaka kwenye sumu ya anemone wa bahari wa Karibi, na dawa iliyotokana nayo, dalazatide, ilijaribiwa kwa wagonjwa wachache wa soriasisi, na matokeo yenye kutia moyo yakachapishwa mwaka 2017. Udhaifu ni kwamba ni dawa ya sindano, na jaribio dogo halitoshi kuwa hukumu.

Mizani

Kwa kupima yote, naona kwamba rai ya lishe imeanguka, hofu ya amlodipini haina mshiko wa kumfanya mtu aache tiba, na dai la kwamba elimu hii haituhusu limekanushwa na kila kidonge cha takrolimasi kinachomezwa Dar es Salaam au Nairobi. Katika mahali patatu pa kuzuia, kalsinurini yabaki kuwa chaguo la waliopandikizwa viungo, kwa kuwa ndiyo pekee iliyothibiti kwa miaka mingi, Orai yafaa kwa siku, si kwa miaka, na Kv1.3, ijapokuwa ushahidi wake bado ni mchache, ndiyo inayostahili fedha na majaribio makubwa zaidi, kwa sababu hiyo peke yake yajaribu kuitofautisha chembe mkosaji na chembe mlinzi. Majaribio hayo yasifanyike Ulaya na Marekani tu, bali na huku, kwa wagonjwa wanaoishi karibu na kifua kikuu, kwani usalama uliopimwa mahali pasipo na maradhi hayo hautoshi kuwa dhamana kwetu.

Na kwa msomaji anayemeza dawa yoyote iliyotajwa hapa, iwe ya shinikizo la damu au ya kuihifadhi figo aliyopandikizwa: usiipunguze, usiiache, wala usiongeze kidonge cha kalsiamu juu yake, kabla ya kumwuliza tabibu aliyekuandikia.